MNYAMA MWENYE DERAYA YA MIIBA
Jinsi Kentrosauri wa Tendaguru alivyojulikana kwa vipande

Ndugu msomaji, mtu akikuletea kipande cha taya, meno machache madogo, na mwiba wa mfupa unaokaribia urefu wa mkono wa mtu mzima, kisha akakutaka umchore mnyama mwenye vitu hivyo, mzima, tangu pua hadi ncha ya mkia, ungeanzia wapi? Na iwapo mnyama huyo hakuna aliyepata kumwona, kwa sababu alikwisha toweka duniani kabla binadamu wa kwanza hajazaliwa, ungejuaje kuwa mchoro wako ni wa kweli?

Hilo ndilo swali lililowakabili wataalamu waliochunguza mifupa ya Tendaguru, katika nchi ya jirani zetu wa Tanzania. Mnyama wanayemzungumzia anaitwa Kentrosauri. Alikuwa mmoja wa wale mijusi wa kale waitwao dinosaria, naye aliishi miaka milioni 150 hivi iliyopita. Mwili wake ulikuwa na deraya ya mabamba na miiba ya mfupa. Hadi leo hakijapatikana kiunzi cha mifupa yake kilicho kamili. Yote tunayoyajua juu yake yametokana na vipande vilivyookotwa kimoja kimoja na kuunganishwa kwa subira. Askari wa upelelezi wataitambua kazi hiyo mara moja, maana haina tofauti kubwa na yao: mahali pa tukio papo, vielelezo vipo, lakini shahidi hayupo.

MLIMA WA TENDAGURU

Tendaguru ni kilima kilichoko kusini mwa Tanzania, katika Mkoa wa Lindi, mwendo wa siku tatu au nne kwa miguu kutoka mji wa bandari wa Lindi. Ni nchi ya Wamwera. Mwaka 1906 mhandisi wa madini wa Kijerumani, Bernhard Sattler, aliiona mifupa mikubwa iliyojitokeza juu ya ardhi karibu na kilima hicho. Habari zikapelekwa Ujerumani, na mwaka 1907 akaja mtaalamu Eberhard Fraas kuithibitisha. Ndipo jumba la makumbusho la elimu ya viumbe la Berlin lilipotuma msafara mkubwa, uliofanya kazi tangu mwaka 1909 hadi 1913. Viongozi wake wa kwanza walikuwa Werner Janensch na Edwin Hennig.

Yafaa tukumbuke hali ya nchi wakati huo. Vita vya Maji Maji, vilivyoanza mwaka 1905, vilikuwa vimekwisha miaka miwili tu kabla ya msafara kufika. Vijiji vilikuwa vimechomwa, na njaa iliyofuata vita iliua watu wengi mno. Watu waliokwenda kuomba kazi ya kuchimba mifupa walikuwa ni wale wale waliotoka katika dhiki hiyo, chini ya serikali ile ile iliyowapiga vita.

Mwaka wa kwanza wafanyakazi walikuwa zaidi ya 150. Miaka iliyofuata wakaongezeka hata wakafikia 500 hivi. Wengi walikuja na wake na watoto wao, na chini ya kilima kikaota kijiji kizima. Maji yalikuwa ya shida, ikabidi yabebwe kutoka mbali. Wanaume walifyeka msitu, wakachimba mashimo, wakaondoa udongo kwa uangalifu pembeni mwa kila mfupa. Mfupa uliogeuka jiwe hudanganya macho. Huonekana mgumu, kumbe una nyufa nyingi, na ukiuinua ovyo husambaratika mikononi kama mkate mkavu.

Kila mfupa ulifungwa kwa udongo, nyasi na mianzi, kisha ukabebwa na wapagazi kwa vichwa na mabega hadi Lindi, na kutoka hapo ukasafiri kwa meli hadi Ulaya. Kwa jumla zilisafirishwa zaidi ya tani 200. Baadhi ya mafurushi hayo ya mianzi yalikaa ghalani Berlin kwa miongo mingi bila kufunguliwa.

VIGAE VYA MITUNGI MINGI

Katika mali hiyo yote, wakubwa ndio waliopata sifa. Mjusi mwenye shingo ndefu kama twiga, aliyesimamishwa katika jumba la Berlin mwaka 1937, ana kimo cha zaidi ya mita 13, na watu kutoka pande zote za dunia huenda kumtazama. Kentrosauri hakuwa na bahati hiyo. Alikuwa mdogo, na mifupa yake ilikutwa imetawanyika.

Mifupa yake mingi ilitoka katika shimo moja huko Kindope, kaskazini ya kilima. Kwa jumla ilihesabiwa zaidi ya mifupa 1,200, iliyotokana na wanyama wapatao 50. Mara chache tu mifupa ya mnyama mmoja ilikutwa ikiwa pamoja. Kundi lililo bora kuliko yote lilikuwa na mkia karibu mzima, sehemu ya uti wa mgongo, nyonga na mifupa ya mapaja. Kichwa ndicho kilichokuwa haba kuliko vyote: vipande vichache vya fuvu na taya, basi.

Mama wa nyumbani ataielewa shida hiyo vizuri. Mtungi mmoja ukianguka na kuvunjika, vigae vyake waweza kuvipanga, kwa kuwa unajua kuwa vyote ni vya mtungi mmoja. Lakini mitungi hamsini, mikubwa kwa midogo, ikivunjika mahali pamoja, mvua ikavizoa vigae vyake, vingine vikapotea, nawe ukatakiwa kuunda mtungi mmoja tu ulio sahihi, kazi inakuwa nyingine kabisa. Kila kigae sharti ujiulize: hiki ni cha shingoni au cha kitako? Ni cha mtungi mkubwa au mdogo?

Hennig ndiye aliyeifanya kazi hiyo, na mwaka 1915 akamtangaza mnyama huyo kwa jina la Kentrosauri. Jina limetokana na maneno mawili ya Kigiriki, yenye maana ya ncha kali na mjusi. Jina lake la pili, aethiopicus, halina maana kuwa alitoka nchi ya Ethiopia. Wataalamu walilichukua kwa maana ya kale ya bara letu la Afrika. Hata jina lenyewe lilizusha ubishi, kwa sababu huko Kanada kulikuwa na mjusi mwingine aliyepewa jina linalofanana nalo mwaka 1904. Wengine wakataka kumbadilishia, lakini kwa kuwa majina hayo mawili hutofautiana kwa herufi moja katika maandishi, jina la Hennig likabaki.

MNYAMA MWENYEWE

Sasa tumtazame. Alikuwa na urefu wa mita 4 na nusu hivi, zaidi ya nusu ya urefu huo ikiwa ni mkia. Miguu yake ya nyuma ilikuwa mirefu kuliko ya mbele, hivi kwamba mgongo ulipanda juu nyongani na kushuka kuelekea kichwani. Kichwa kilikuwa kidogo na chembamba, kimeinama karibu na ardhi. Alikula majani ya chini. Nyasi za leo hazikuwepo, wala maua; malisho yake yalikuwa mimea ya jamii ya mikangaga na mingine ya kale.

Tangu shingoni hadi katikati ya mgongo alikuwa na mabamba ya mfupa yaliyosimama wima kwa jozi. Kuanzia hapo mabamba yalizidi kuwa membamba na makali, yakageuka miiba, na miiba hiyo ikaendelea jozi kwa jozi mpaka mwisho wa mkia. Mifupa ya miiba mirefu kabisa ilizidi sentimita 70. Na tukumbuke kuwa mfupa ni kiini tu. Akiwa hai, mwiba ulikuwa na gamba juu yake, kama lile la pembe ya ng'ombe, lililouongezea urefu na ukali.

Askari aliyezoea magari ya deraya atafikiri kuwa mnyama huyu alijifunika bamba mwili mzima, akakaa kimya akingojea adui achoke. Sivyo. Mabamba yake ya mbele yalikuwa membamba, na ubavu wake ulikuwa wazi. Ulinzi wake ulikuwa katika mkia. Mkia huo ulikuwa na pingili 40 hivi, nao ulipindika kwa urahisi kulia na kushoto. Mtaalamu wa Kijerumani, Heinrich Mallison, aliipima mifupa iliyobaki kwa kompyuta, na mwaka 2011 akatoa matokeo ya hesabu zake. Alionyesha kuwa Kentrosauri aliweza kuuzungusha mkia wake nusu duara nyuma yake, na kwa kasi ya kutosha kupasua nyama na kuvunja mfupa wa adui. Tena, kwa kuwa uzito wa mwili ulikuwa umelemea nyongani, aliweza kugeuka upesi kwa kuegemea miguu ya nyuma, ili mkia uelekee upande ule ule adui anakotokea.

Hakuwa mwenye mbio, na katika nchi yake kulikuwa na mijusi wala nyama. Lakini ye yote aliyemwendea kwa nyuma alilipa gharama.

MWIBA ULIOKAA MAHALI PASIPO PAKE

Katika mifupa ya Kindope kulikuwa na miiba ya namna ya pekee. Chini yake ilikuwa na kitako kipana, kama sahani, na juu yake ncha ndefu. Hii haikuweza kuwa ya mkiani. Je, ilikaa wapi? Kwa kuwa haikukutwa imeshikamana na mfupa mwingine, Hennig hakuwa na shahidi. Alikisia kuwa ilikaa nyongani, mmoja kila upande, na kwa miaka mingi Kentrosauri akachorwa hivyo vitabuni, miiba miwili ikimtoka kwenye nyonga.

Jibu lilitoka mbali sana na Tendaguru. Katika jimbo la Sichuan, nchini China, kulichimbuliwa ndugu wa mbali wa Kentrosauri, aliyepewa jina mwaka 1992. Mnyama huyo alikutwa na mwiba wake mkubwa ukiwa bado karibu na bega, pale pale ulipokuwa wakati wa uhai wake. Kwa ushahidi huo wataalamu wengi wakakubali kuwa miiba ya Tendaguru nayo ilikuwa ya mabegani. Hivyo mnyama akabadilika sura. Yule aliyedhaniwa kuwa amelindwa nyuma tu, akaonekana kuwa na silaha ya kumzuia adui anayemjia kwa ubavuni.

Somo hapa ni kubwa, na ndilo kiini cha habari yetu. Mfupa wa China haukuwa bora kuliko ule wa Afrika. Thamani yake ilikuwa katika mahali ulipokutwa. Mfupa bila mahali pake ni nusu ya habari. Ni kama kisu kilicholetwa kituoni na mtu asiyejua alikiokota wapi. Kisu ni kile kile, lakini hakimi ataulizaje nacho?

Kosa jingine lilihusu ubongo. Kentrosauri na jamaa zake walikuwa na ubongo mdogo mno kwa miili yao, na katika nyonga zao uti wa mgongo una tundu pana kuliko kawaida. Zamani palikuwa na waliosema kuwa tundu hilo lilikuwa na ubongo wa pili, wa kuongoza miguu ya nyuma na mkia. Habari hiyo ilipendwa sana na waandishi wa magazeti. Siku hizi haikubaliwi, kwani ndege nao wana nafasi ya namna hiyo nyongani, na ndani yake hamna ubongo wo wote.

YALIYOPOTEA VITANI

Mwenye kusoma habari hizi aweza kuuliza: kama mifupa ilikuwa 1,200, mbona wataalamu wa leo hulalamika kuwa ni haba? Sababu ni vita. Jumba la Berlin lilipigwa mabomu katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na mwaka 1945 ubawa wake wa mashariki ulibomolewa. Mifupa mingi ya Kentrosauri iliangamia katika vita hivyo. Berlin imebakiwa na vipande 350 hivi. Katika chuo kikuu cha mji wa Tübingen, huko huko Ujerumani, kuna kiunzi kingine, ambacho nusu yake hivi ni mifupa halisi na nusu ni ya kuundwa.

Mifupa iliyokaa salama ardhini kwa miaka milioni 150, ikavumilia bahari iliyopanda na kushuka juu yake, ikaharibiwa katika maisha ya mtu mmoja. Kilichookolewa kwa sehemu ya hasara hiyo ni maandishi. Hennig na wenzake walikuwa wamepima, wamechora na kuandika habari za mifupa mingi kabla haijapotea. Mtaalamu wa leo asiyeweza kuushika mfupa huweza angalau kuusoma. Askari anayefundishwa kuandika taarifa kamili kabla hajalala, hata kama amechoka, na azingatie mfano huo.

NI MALI YA NANI?

Kwa miaka mingi vitabu viliwataja Janensch, Hennig na wenzao wachache tu, kana kwamba wao peke yao waliichimba na kuibeba mifupa hiyo. Kati ya Waafrika, anayetajwa zaidi ni Boheti bin Amrani, msimamizi mkuu wa wachimbaji, aliyekuwa na ustadi mkubwa wa kuutambua na kuutayarisha mfupa. Ujuzi wake ulithaminiwa hivi kwamba hata Waingereza, walipofanya uchimbaji wao Tendaguru kuanzia mwaka 1924, walimtumia yeye. Mamia ya wengine hawajulikani kwa majina, wala akina mama walioteka maji ya kijiji kile.

Katika miaka ya karibuni hali imeanza kubadilika. Mwaka 2000 wataalamu wa Ujerumani na Tanzania walirudi Tendaguru kwa pamoja, na safari hii walichunguza zaidi tabaka za ardhi na masalia madogo madogo, ili wajue wanyama wale waliishi katika mazingira gani. Mwaka 2019 mjusi mwingine wa Tendaguru alipewa jina jipya lililotokana na kabila la Wamwera. Na nchini Tanzania, bungeni na magazetini, swali la mijusi wa Tendaguru limeulizwa mara nyingi: je, mifupa irudishwe nyumbani, au wenye kuitunza Ulaya washiriki faida yake na nchi ilikotoka?

Wako wanaosema kuwa mifupa hiyo hudhoofika, na safari yaweza kuivunja. Wako wanaojibu kuwa ilibebwa kwa vichwa vya watu hadi Lindi, ikavuka bahari, nayo ikafika. Kila upande una hoja. Lakini jambo moja halina ubishi: mtoto wa Lindi anayetaka kumwona mnyama aliyezikwa chini ya ardhi ya babu zake hulazimika kwenda Ulaya. Hali hiyo haifai kumridhisha mtu ye yote apendaye elimu, awe Mwafrika au Mzungu.

YA KUZINGATIA SISI WENYEWE

Ardhi ya Afrika Mashariki na ya Kati ina masalia mengi ya kale. Mashimo ya takataka, mahandaki ya mazoezi, barabara mpya na mashamba huweza kufichua mfupa uliogeuka jiwe wakati wo wote. Wataalamu huyaita masalia hayo visukuku. Ikitokea ukakuta kitu cha namna hiyo, ndugu msomaji, fanya yafuatayo.

Kwanza, usikichomoe. Umekwisha ona hasara ya mfupa usiojulikana ulikaa wapi. Pili, weka alama mahali hapo, kisha andika tarehe, jina la mahali, na kina ulichokuwa unachimba. Tatu, kifunike kwa udongo mkavu au majani ili jua na mvua visikipasue, na uwakataze watoto kukichezea. Nne, toa habari kwa ofisi ya serikali iliyo karibu, au kwa mwalimu mkuu wa shule, ili zifikishwe kwenye jumba la makumbusho la taifa. Usikubali kumwuzia mpita njia, hata akitoa fedha nyingi; nchi nyingi zina sheria za kukataza biashara hiyo.

Na kwa wazazi wanaopenda kuwafundisha watoto jambo jioni, liko somo lisilo na gharama. Siku ya kula kuku, kusanyeni mifupa yote, ichemsheni, ioshwe na kuanikwa juani. Wapeni watoto waipange chini ifanye kiunzi: shingo, mbawa, kidari, nyonga, mapaja. Wakifaulu, siku nyingine changanyeni mifupa ya kuku wawili, mmoja jogoo mkubwa na mmoja mtetea, kisha ficheni vichwa na mifupa kadhaa. Watabishana, watakosea, watamwekea jogoo paja la mtetea. Hapo waelezeni habari za Kindope. Na waambieni jambo hili pia, ambalo wataalamu wa leo wamelithibitisha: ndege wote, pamoja na kuku wa uani, wametokana na ukoo wa dinosaria. Kwa hiyo mtoto anayepanga mifupa ya kuku ameshika mkononi mfupa wa jamaa wa mbali wa Kentrosauri.

Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba. Kentrosauri hakuletwa kwetu mzima na mtu mmoja. Aliletwa na mchimbaji, mpagazi, mchoraji, mwandishi wa taarifa, na mgeni wa China ambaye hakuwahi kufika Tendaguru. Vipande vyake vingine vingali ardhini. Atakayevikuta na ajue la kufanya.